Sadaka Haiibwi, Huazimwa

Mama yule alikuwa mweka hazina wa kanisa moja la Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, upande wa Uganda, kwa miaka kumi na mitatu. Ofisi ya dayosisi iliponituma nikamkague, mwanzoni mwa 2024, nilimkuta amekwisha kuvifunga vitabu vyote kwa leso, ameviweka juu ya meza ya vestri, chumba cha pembeni mwa kanisa, na juu ya leso ameweka funguo za sanduku. "Chukua, mwanangu," akaniambia. "Nimechoka kuitwa mwizi."

Maneno yalianza kwa wazee wa kanisa. Watu ni walewale, mabenchi yamejaa, lakini sadaka inashuka mwaka hadi mwaka. Basi pesa inakwenda wapi? Na Busia ni mji mmoja wenye nchi mbili. Neno likitoka vestri asubuhi, saa sita limeshavuka mpaka na kurudi, limenenepa. Nilitumwa mimi kwa sababu vitabu vyake vilikuwa vimeandikwa kwa Kiswahili, na ofisini kwetu Kiswahili wengine bado wanakiita lugha ya askari.

Tukakaa, tukafungua vitabu. Nusu ya waumini pale wanafanya biashara ng'ambo, kwa hiyo kikapu cha Jumapili hupokea pesa za aina mbili: noti za elfu moja za Uganda, laini kama kitambaa kwa kushikwashikwa sokoni, na katikati yake mia na mia mbili za Kenya zenye harufu ya dagaa. Mama alizitenga, akazihesabu mbele ya mashahidi wawili, Jumatatu akazipeleka kwa wabadilishaji wa kando ya barabara, akaandika kitabuni kiasi alichopewa kwa shilingi za Uganda. Hakuandika alipeleka shilingi ngapi za Kenya. Kosa lake lilikuwa hilo tu. Mwaka 2019 shilingi moja ya Kenya ilinunua karibu shilingi 36 za Uganda. Kufika Januari 2024, shilingi ya Kenya ilipokuwa imeporomoka hadi dola moja ikauzwa kama 160, ilinunua 24 hivi. Muumini aliyekuwa akitoa 200 za Kenya aliendelea kutoa 200 zilezile kwa moyo uleule. Kitabuni sadaka yake ilishuka kutoka 7,200 hadi 4,800. Theluthi nzima imeyeyuka na hakuna mkono wa mtu ulioigusa.

Niliandika karatasi ya kumsafisha Mama, ikabandikwa mlangoni. Ningeweza kurudi Kampala siku hiyohiyo na kuhesabu safari imefanikiwa. Lakini katika vitabu vilevile, siku ya pili, nilikuta jambo ambalo hakuna mzee aliyelilalamikia.

Mwaka 2022 waumini walichanga milioni 18 za kuezeka upya kanisa. Paa lilikuwa bado lilelile, lenye kutu na matundu. Katika Mfuko wa Mabati zilikuwa zimebaki milioni mbili na laki tatu. Nyingine zote zilikuwa zimetoka kidogokidogo, kila moja kwa kikaratasi chake, na kila kikaratasi kina saini ya mchungaji. Mafuta ya gari la ziara ya kichungaji. Mishahara ya mwinjilisti, miezi mitatu. Jeneza na lori la kumpeleka marehemu mmoja kijijini. Chakula cha wageni siku ya kipaimara. Chini ya kila kimoja maneno yaleyale: mkopo wa muda, tutarudisha baada ya mavuno. Mavuno yalipita mara tatu.

Hakuna aliyeiba. Mchungaji mwenyewe anaishi nyumba inayovuja kuliko kanisa. Na kwa sababu hakuna aliyeiba, hakuna aliyeuliza. Ukiniuliza baada ya miaka yangu katika kazi hii tatizo la fedha la taasisi za dini Uganda liko wapi, nitakuonyesha vile vikaratasi. Mwizi nimewahi kumwona, mmoja wawili, na walipatikana kwa urahisi kwa sababu kila mtu alikuwa akiwatafuta. Kinachotumaliza ni mfuko mmoja kuukopa mwingine, kwa nia njema, kwa saini halali, bila tarehe ya kurudisha.

Watu wakisikia mimi ni mchambuzi wa fedha wa kanisa hucheka. Wanadhani nachambua vikapu. Ukubwa wa mambo haya hauonekani kwa sababu umetawanyika. Mengo Hospital, iliyoanzishwa na wamisionari mwaka 1897, bado inatibu watu. Chuo cha Kiislamu kule Mbale kilifunguliwa 1988, cha Wakatoliki pale Nkozi 1993, cha Waanglikana Mukono 1997. Centenary Bank, ambayo leo ni kati ya benki kubwa za nchi, ilianza mwaka 1983 kama mfuko wa walei Wakatoliki wa kuwakopesha watu wa vijijini. Na sensa ya 2014 ilikuta Wakatoliki ni asilimia 39.3 ya Waganda wote, Waanglikana 32, Waislamu 13.7. Taasisi zinazowasimamia watu wengi hivyo zinaendesha shule, zahanati, mashamba, nyumba za wageni na maduka ya kupangisha, mara nyingi kwa akaunti chache za benki na mhasibu mmoja mwenye leja.

Halafu kuna ardhi, ambayo ndiyo huniumiza kichwa kuliko yote. Mkataba wa Buganda wa 1900 uliyatengea makanisa maili za mraba 92. Ukifungua mizania ya taasisi yenye ardhi ya namna hiyo, unaweza kukuta imeandikwa sifuri, au thamani ya ng'ombe watatu wa enzi za mkoloni. Juu yake wanaishi wenye vibanja, yaani wapangaji wa ardhi, wanaolipa busuulu, kodi ya ardhi isiyotosha hata karani wa kuikusanya, na sheria inawalinda wasifukuzwe, jambo ambalo mimi naliunga mkono. Kwa hiyo taasisi ni tajiri wa ramani na maskini wa pesa mkononi. Siku benki inapotaka dhamana ndipo ardhi ya sifuri inapopata bei ghafla, na hapo mchambuzi asipokuwepo, anayefanya hesabu ni afisa mikopo.

Mambo madogo nayo yana fumbo lake. Jumapili ya shukrani mama mmoja huleta jogoo. Jogoo ananadiwa baada ya ibada. Anayenunua kwa elfu thelathini anamrudisha, ananadiwa tena kwa elfu ishirini na tano, anarudishwa, na mara ya nne anakwenda kwa elfu arobaini. Mapato manne, jogoo mmoja, na jioni yuko kwenye sufuria ya mchungaji. Mkaguzi wa nje aliwahi kuniuliza kwa uso mkavu kabisa jogoo wengine watatu wako wapi.

Kuazimana mifuko kulikuwepo siku zote, ila corona ndiyo iliyotuvua nguo. Machi 18, 2020 Rais Museveni alitangaza ibada za pamoja zisimame. Zilipofunguliwa Septemba mwaka ule, mwisho ulikuwa watu 70; Juni 2021 zikafungwa tena, na Septemba ile zikafunguliwa kwa watu 200. Mwaka mmoja na nusu wa vikapu vitupu au nusu vikapu. Katika ofisi niliyokuwamo tulikaa mwezi wa pili wa kufungwa, tukafungua orodha ya mifuko: mfuko wa wajane, mfuko wa karo, mfuko wa ujenzi, mfuko wa pensheni ya wachungaji. Kwenye karatasi tulikuwa na fedha za kuwalipa watu wote kwa miezi saba. Benki ilikuwa na fedha za wiki tano. Tofauti ile haikuwa mfukoni mwa mtu. Ilikuwa imekwisha kuliwa miaka iliyopita, katika mafuta ya gari, warsha na misiba, na mifuko ilikuwa imebaki majina.

Tuliponea kwa simu. Waumini wakaanza kutuma fungu la kumi kwa simu, na wengi wameendelea hadi leo, ingawa serikali hukata nusu asilimia kila tunapozitoa. Sadaka ya simu inakuja na jina na tarehe, na mtumaji anaweza kuandika ni ya nini. Mhasibu akiona neno "mabati" kwenye ujumbe hawezi tena kujifanya hakuliona.

Nina rafiki, Mnubi wa Bombo, mhasibu katika taasisi ya Kiislamu mjini Kampala. Tukikutana kwenye chai humwaga malalamiko yangu yote kwake. Siku moja alinisikiliza hadi mwisho, akaniambia, "Ndugu yangu, haya sisi tulishapewa zamani. Zaka ina watu wanane, wametajwa katika Surat Tawba, aya ya 60. Huwezi kuichukua ukajengea uzio." Na wakfu ni vilevile: aliyeitoa nyumba kwa ajili ya mayatima, nyumba ni ya mayatima hata wewe imamu ukiwa na njaa. Nikamwambia kwamba Wakatoliki nao wana kanuni ya 1267 katika sheria ya Kanisa lao, inayosema matoleo yaliyotolewa kwa kusudi fulani yatumike kwa kusudi hilo tu. Akacheka. "Kwa hiyo sote tuna kitabu. Na kwenu mabati yako wapi?" Nikamuuliza hati za ardhi za wakfu ziko wapi. Chai ikapoa tukiwa tumenyamaza wote wawili.

Katika mazungumzo yale alitumia neno nililokuwa nalitafuta: niya, yaani kusudi la mtoaji. Shilingi ikiingia katika duka haina niya, ni mauzo. Ikiingia msikitini au kanisani inakuja na niya ya mtu, na kazi yangu yote, ukiondoa majedwali, ni kutunza niya isipotee njiani. Bunge liliporekebisha sheria ya taasisi za fedha mwaka 2016 kuruhusu benki za Kiislamu, na benki ya Salaam ikazinduliwa 2024, wengi walizungumzia riba tu. Mimi kilichonivutia ni kwamba sheria ile inataka benki iwe na bodi ya wanazuoni yenye haki ya kuiambia menejimenti kwamba biashara fulani haifai. Mtu aliyelipwa na taasisi na bado ana haki ya kuikatalia taasisi. Makanisani kwetu mtu huyo simjui.

Chukua Church House, jengo refu la Kanisa la Uganda katika Barabara ya Kampala. Lilijengwa kwa mkopo wa benki, baadaye waumini nchi nzima wakaombwa wachangie deni. Sisemi jengo lilikuwa kosa. Kiwanja katikati ya Kampala kukaa bila kuzaa ni kosa pia. Ninalosema ni kwamba jengo la kupangisha hulipwa na wapangaji, na hesabu ya mkopo wa aina hiyo hufanywa kwa kujiuliza: ghorofa zikikaa tupu mwaka mzima, riba italipwa na nani? Jibu likiwa ni "waumini", basi waumini wamekuwa wadhamini wa mkopo, na mdhamini huulizwa kabla ya kutia saini. Mama wa Karamoja anayetoa elfu moja hakujua kwamba ameingia katika biashara ya majengo.

Fedha za nje zina niya zao pia. Mwaka 2003, kanisa la Kiepiskopali la Marekani lilipomweka wakfu Gene Robinson, aliyeishi waziwazi na mwanamume mwenzake, kuwa askofu, Kanisa la Uganda lilivunja ushirika nalo, likazikataa fedha zake. Teolojia nawaachia wenyewe. Kwa jicho la hesabu, uamuzi ule ulikuwa na adabu moja ambayo uazimaji wetu wa ndani hauna: ulitamkwa hadharani, na kila mtu alijua kuna pengo la kuziba. Januari 2025 mambo yalikwenda kinyume. Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa amri ya siku moja, na hospitali na miradi ya dini iliyokuwa ikitegemea fedha za USAID, shirika lake la misaada, ikajikuta inaita wafanyakazi kuwapa barua. Niliwahi kuombwa na mkurugenzi wa mradi mmoja wiki ile nimwambie watadumu siku ngapi. Swali zuri, ila lilipaswa kuulizwa kila mwezi wa miaka kumi iliyotangulia. Lilichukua dakika ishirini kujibu: siku kumi na tisa.

Kuhusu kodi nitapita haraka, maana kila anayenijua ameshachoka kunisikia. Taasisi ya dini haisamehewi kodi kwa kuwa ina msalaba au mwezi juu ya paa. Kamishna wa URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, ndiye anayetoa uamuzi wa maandishi, na biashara isiyohusiana na kazi ya taasisi hutozwa kama biashara nyingine yoyote. Mchungaji ambaye mshahara wake umepita kiwango kisichotozwa anakatwa kodi ya mshahara. Na tangu marekebisho ya 2022, kila mwajiri anapaswa kuwachangia watu wake NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, hata awe na mfanyakazi mmoja. Mwinjilisti wetu wa kule Busia ana miaka ishirini na miwili kazini na hana kitu NSSF. Hilo nalo ni kuazima, na safari hii aliyekopwa ni uzee wake.

Sasa, kwa nini mhasibu hasemi? Kwa sababu ya adabu, na adabu yetu ni kitu kizito, sitaki kuidharau. Ofisini tuna binti mmoja wa Kisoga, msomi wa chuo cha biashara cha Nakawa, anayefanya mitihani ya uhasibu ya CPA, mwepesi wa hesabu kunishinda. Baba Askofu akiingia, hupiga magoti kumsalimia, kama alivyolelewa, na Askofu humwitikia kwa upole kama mzazi. Basi fikiria: binti yuko bado chini, mkono wake umo katika mkono wa Askofu, na kwenye meza nyuma yake kuna kikaratasi cha milioni nne kutoka mfuko wa wajane kwenda gereji. Atamuuliza saa ngapi? Nilimwona siku ile akifungua mdomo, akaufunga, akasema, "Karibu, Baba." Kikaratasi kikaingia faili.

Hasira zangu haziko kwa Askofu. Gari lilikuwa limeharibika kweli, na asipokwenda kwenye kipaimara watoto mia mbili watasubiri. Tatizo ni mpangilio unaomfanya binti yule awe breki pekee ya gari zima, na breki hiyo imeajiriwa na dereva, inalipwa na dereva, na inampigia magoti dereva. Wakatoliki, kwa sheria yao, wana baraza la fedha katika kila jimbo na kila parokia. Sheria hiyo ina maana pale tu baraza linapokutana, na pale mhasibu anapoweza kupeleka taarifa kwa baraza bila kwanza kuipitisha kwa yule anayekaguliwa. Na sisi wengine tungeweza kuiga hilo kesho bila gharama yoyote. Mchambuzi atoe taarifa kwa kamati, kamati iisome mbele ya sinodi, mkutano mkuu wa dayosisi, kwa sauti, tarakimu zote.

Wapo watakaosema nyumba ya Mungu haiendeshwi kwa majedwali. Niliwahi kukuta kwenye bajeti ya parokia moja mstari wa mapato ulioandikwa "Mungu atatoa", milioni sita. Nilimwuliza padri amezipataje milioni sita, kwa nini si tano. Akaniambia ndizo zilizopungua. Tulicheka wote, lakini mstari ulibaki, na mwisho wa mwaka milioni sita zilitoka mfuko wa karo ya mayatima. Sidhani Mungu ndiye aliyezitoa hapo.

Kule Busia, kabla sijaondoka, mimi na Mama tulinunua daftari jipya la kurasa 96. Juu ya ukurasa wa kwanza Mama aliandika kwa mwandiko wake wa kulala: Madeni ya Ndani. Safu nne: nani amekopa, kwa mfuko gani, kiasi gani, atarudisha lini. Tukahamisha vikaratasi vyote mule, kimoja kimoja, hadi saa mbili usiku kwa taa ya simu. Mchungaji alikuja akasimama mlangoni, akatazama, akauliza kwa sauti ndogo kama kuna riba. Mama akamwambia hapana, Mchungaji, tarehe tu. Akaketi, akaanza kujaza tarehe.

Jumapili ile daftari lilisomwa baada ya matangazo. Kanisa lilikaa kimya mpaka mzee mmoja wa benchi la nyuma akasimama. "Kwa hiyo," akasema, "tunajidai deni sisi wenyewe?"

"Ndiyo, mzee," Mama akamjibu. "Na hatujajilipa."

Nilipita tena Novemba. Milioni moja na laki nne zilikuwa zimerudi. Nyuma ya vestri, zimeegemezwa ukutani na kufunikwa turubai, kulikuwa na bati ishirini za geji 28, na Mama alikuwa ameziandika namba kwa chaki, moja hadi ishirini.